Studio imehamia Linux, sauti imepotea: ni wapi pa kuitafuta

"Karte son imekufa." Ndilo neno la kwanza kutoka kinywani mwa mtu katika studio ndogo, siku ile mashini imeondolewa Windows na kuwekwa Linux. Mashini inafunguka haraka kuliko zamani, skrini ni safi, flash zinasomwa bila virusi kuruka ndani. Lakini mtangazaji akibonyeza wimbo wa kufungua emisyo, mshale unatembea, dakika zinahesabika, na ndani ya kaske ni kimya. Emetere nayo inatupa ukimya hewani. Mara nyingi sana kadi ya sauti haikufa hata kidogo. Iko nzima, ila sauti imezuiwa mahali fulani njiani, ao imetumwa kwenye tundu ambalo hakuna waya uliochomekwa.

Kwa studio ya mjini hiyo ni shida ya nusu saa, fundi anaitwa na anafika kwa pikipiki. Kwa redio ya Masisi ao ya Walikale haiko hivyo. Huku gazeti halifiki, intaneti ni ya kusubiria, na redio ndiyo inayosema chanjo ya surua itafanyika kituo gani, mtoto gani amepotea watu walipokuwa wanakimbia, barabara ya kuelekea Sake inapitika ao haipitiki. Asubuhi moja ya ukimya inatosha watu waanze kuulizana kama studio imeporwa, kama watangazaji wamekimbia. Wasikilizaji wa huku wamezoea kusoma ukimya wa redio kama habari, na kwa kawaida ni habari mbaya.

Kisha kuna gharama ya kuamini neno lile la kwanza. Anayeamini kwamba kadi imekufa atatuma mtu akanunue mashini nyingine. Kiwanja cha ndege cha Goma kilifungwa wakati wa mapigano ya mwisho wa Januari 2025, njia ya Sake kwenda Masisi hadi Walikale ni matope na bariere, na anayetoka Walikale kwa upande mwingine anashika njia ndefu ya Lubutu kuelekea Kisangani, ao ya Hombo kuelekea Bukavu. Wiki mbili zinaweza kupita kwa ajili ya kitu ambacho kilihitaji kubonyezwa herufi moja tu, herufi M. Maelezo yake yako hapa chini.

Kwa nini basi studio zinahama? Sababu iko na tarehe: 14 Oktoba 2025, siku Microsoft iliposimamisha marekebisho ya bure ya usalama kwa Windows 10. Mashini hazikuzimika siku ile, zinaendelea kufanya kazi, ila mlango ukivunjwa hakuna anayekuja kuutengeneza. Windows 11 nayo inadai mashini yenye kifaa cha usalama kinachoitwa TPM 2.0 na prosesa ambayo si ya zamani sana; kwa upande wa Intel ni kizazi cha 8 na kuendelea. Laptop nyingi zinazofika huku ni okazyo kutoka Ulaya ao Dubai, na nyingi kati yake ni za kizazi cha 4 ao cha 5. Hazikubaliwi. Ongeza juu yake zile Windows zisizo na leseni zinazowekwa kwenye maduka, na flash zinazotembea kutoka kwa mchungaji hadi kwa infirmye hadi studio, kila moja na virusi vyake vinavyoficha mafaili na kuacha njia za mkato. Linux ni ya bure, inakopiwa kihalali, na virusi vile vya flash haviishi ndani yake. Ndiyo maana inavutia.

Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Helsinki, Finland, kwa kufuata mfano wa Unix, mfumo uliozaliwa Marekani mwaka 1969. Afrika ya Mashariki si mgeni kwake: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki katika mradi wa Kilinux, ambao ulitoa programu za ofisi kwa Kiswahili kwa jina la Jambo OpenOffice. Huku kwetu, hata hivyo, mafundi wengi huiweka kwa Kifaransa, kwa hiyo majina ya menyu katika makala haya ni yale ya Kifaransa ambayo mtu atayaona kwenye skrini.

Sasa, njia ya sauti. Anayetoka Sake kupanda Masisi anajua bariere ni nini: gari likiwa zima, dereva akiwa mzima, mafuta yakiwepo, kamba ikiwa chini hakuna kupita. Ndani ya Linux sauti inapita bariere tatu. Ya kwanza ni kerneli, moyo wa mfumo, ambao unapaswa kuitambua kadi na kuipatia draiva. Ya pili ni vidhibiti vya kadi yenyewe, yaani mabomba ya kufungua na kufunga sauti, yanayosimamiwa na ALSA, kazi iliyoanzishwa mwaka 1998 na Jaroslav Kysela, raia wa Czech. Ya tatu ni seva ya sauti, ambayo inapokea sauti ya programu zote na kuamua ielekee tundu gani. Kwa miaka mingi seva hiyo ilikuwa PulseAudio; Ubuntu iliiweka kwa kawaida mwaka 2008. Siku hizi ni PipeWire, iliyoanzishwa na Wim Taymans, na Ubuntu ilihamia kwake Oktoba 2022. Windows nayo iko na bariere zake, ila muuzaji wa mashini alikwisha kuziinua zote kabla ya kuuza. Kwa Linux, kazi ya kuziinua wakati mwingine inabaki kwa mtu wa studio.

Kabla ya bariere yoyote, waya. Inaonekana kama mzaha lakini studio nyingi zilihamisha meza wakati wa kuweka Linux, na fishi ikarudi tundu lisilo lake. Kwenye kompyuta ya mezani, tundu la kijani ndilo la kutoa sauti, la waridi ni la mikro, la bluu ni la kuingiza sauti ya mikseri. Laptop nyingi za sasa ziko na tundu moja tu kwa kaske na mikro pamoja, na hilo linataka fishi yenye mistari mitatu myeusi, ile ya kaske za simu. Fishi ya kawaida ya mistari miwili itatoa sauti lakini haitaingiza mikro, hata fundi akiomba. Tena kuna kitufe cha kunyamazisha kwenye klavye ya laptop, chenye picha ya bafle iliyokatwa. Mtoto wa ofisi akikigusa, ni kimya.

Kwenye klavye kuna mtego mwingine. Linux ikiwekwa haraka haraka bila kuchagua lugha ya klavye, inafikiri iko na klavye ya Kiingereza, wakati mashini nyingi za Kongo ni AZERTY. Fundi anaandika alsamixer na skrini inaonyesha qlsq;ixer. Anaandika tena, anakasirika, anasema Linux ni ya ovyo. Ni klavye tu. Inarekebishwa katika Paramètres, sehemu ya Clavier, na ni vizuri ifanyike mapema kwa sababu neno la siri nalo linaharibika hivyo hivyo.

Bariere ya kwanza inapimwa kwa kufungua terminali, lile dirisha jeusi la kuandika amri, na kuandika:

aplay -l

Herufi ya mwisho ni L ndogo, si namba moja. Kama kerneli imeona kadi, itaandika orodha: carte 0, carte 1, pamoja na majina kama HDA Intel PCH, na mara nyingi namba ya chipu ya Realtek inayoanza na ALC. Orodha ikitoka, mtu anaweza kupumua. Kadi haikufa. Shida iko mbele, kwenye bariere ya pili ao ya tatu, na hakuna haja ya kutuma mtu popote.

Kama amri inajibu kwamba hakuna kadi iliyoonekana, na kwenye menyu ya Son kuna jina moja tu la "Sortie factice", maana yake ni kwamba seva ya sauti haikupata kadi, ikajitengenezea tundu la uongo ili programu zisilalamike. Sauti inamiminwa shimoni. Hapo amri ya pili ni:

lspci -k

Inataja vyombo vyote vya ndani. Kwenye mstari wenye neno Audio, chini yake inapaswa kuonekana jina la draiva, kwa mashini nyingi snd_hda_intel. Kama mstari wa Audio hauko kabisa, kadi inaweza kuwa imezimwa ndani ya BIOS, ao kweli imekufa. Hiyo ndiyo hali pekee ambapo neno la kwanza lilikuwa la kweli. Kama mstari uko lakini hakuna draiva, ao draiva iko na kadi haisemi, laptop za Intel za kuanzia miaka ya 2019 hivi zinahitaji kitu cha ziada, programu ndogo inayopakiwa ndani ya chipu yenyewe na kuitwa Sound Open Firmware. Debian huipa jina firmware-sof-signed. Hadi Debian 11, diski rasmi za kuweka Debian hazikuwa na programu za namna hiyo kwa sababu za leseni. Kuanzia Debian 12, iliyotoka Juni 2023, zimo. Kwa hiyo anayetumia flash ya zamani iliyolala kwenye sanduku tangu 2021 anaweza kupata kimya ambacho mwenye flash mpya hakipati. Kwa okazyo za kizazi cha 4 na cha 5 jambo hili halihusu.

Kupata kipande hicho mahali ambapo intaneti ya studio haiko si lazima kusafiri. Simu ya Android ikiunganishwa na mashini kwa waya wa USB, na kuwekwa partage de connexion, Linux inaiona kama waya wa intaneti bila kuuliza draiva. Ao mtu aliye Goma ao Bukavu anapakua faili la .deb, analituma, na studio inaliweka kwa amri ya sudo apt install ikifuatwa na ./ na jina la faili.

Turudi kwa hali iliyo ya kawaida zaidi, ile ambapo aplay imeonyesha orodha. Hapa mkosaji wa kwanza kushukiwa ni HDMI, lile tundu la kupeleka picha kwenye televizyo ao projektere. HDMI inabeba sauti pia, kwa hiyo kwa macho ya Linux ni kadi ya sauti kamili. Kwenye laptop nyingi za Intel za miaka ya 2013 hadi 2015, zile zile zilizojaa kwenye maduka ya okazyo, HDMI ndiyo inayohesabiwa carte 0, na kadi ya kaske na bafle inakuwa carte 1. Programu isiyoambiwa kitu inaweza kwenda kwa ya kwanza. Sauti inatoka, mshale unatembea, kila kitu ni sahihi, isipokuwa imetumwa kwa televizyo ambayo haiko. Dawa yake ni Paramètres, kisha Son, kisha Sortie, na kuchagua ile yenye neno analogique ao Casque. Kwa anayetaka kuona zaidi kuna programu ndogo iitwayo pavucontrol, yenye ukurasa wa Configuration. Pale kila kadi inapewa profili. Ile ya HDMI izimwe, ili isipate nafasi ya kuiba sauti tena, na ile nyingine iwekwe profili yenye maneno analogique na duplex, kwa maana ya kutoa na kuingiza pamoja. Studio ikiweka profili ya kutoa peke yake, muziki utacheza lakini mikro haitaonekana popote, na watu wataanza kuilaumu mikro.

Kama tundu ni sahihi na bado kimya, ndipo herufi M inapoingia. Ndani ya terminali mtu anaandika alsamixer. Zinatokea nguzo kama vipimo vya mafuta. Kwanza F6, kuchagua kadi yenyewe badala ya ile ya kawaida, kwa sababu ukurasa wa kwanza unaonyesha nguzo ya seva tu na kuficha zile za kweli. Hapo zinaonekana Master, Headphone, Speaker, PCM. Chini ya kila nguzo kuna kisanduku. Kikiwa na OO, bomba liko wazi. Kikiwa na MM, limefungwa, hata nguzo iwe imejaa hadi juu. Mshale unapelekwa kwenye nguzo hiyo, M inabonyezwa, MM inageuka OO, na mara nyingi sana sauti inalipuka pale pale, kwa hiyo kaske zisiwe masikioni na mikseri iwe chini. Nguzo nyingine ya kutazama ni Auto-Mute Mode: ikiwa Enabled, mashini inanyamazisha bafle zake kila inapohisi fishi kwenye tundu la kaske. Tundu likiwa limechakaa ao limejaa vumbi, linahisi fishi ambayo haiko. Kuiweka Disabled kunamaliza ugonjwa huo.

Mikro iko kwenye ukurasa wa pili wa alsamixer, unaofunguliwa kwa F4. Pale kinachofungua si M bali kitufe kirefu cha nafasi, hadi neno CAPTURE litokee kwa rangi nyekundu. Na hapa kuna jambo ambalo si la Linux lakini Linux inasingiziwa. Mikseri ya studio inatoa sauti nene, na tundu la mikro la laptop limetengenezwa kwa sauti nyembamba ya mikro ndogo. Ukiunganisha moja kwa moja, sauti ya mgeni inapasuka kama mtu anayeongea ndani ya debe. Nguzo ya Mic Boost ishushwe hadi sifuri, na sauti ya kutoka kwenye mikseri ipunguzwe, kabla ya kumtafuta mchawi.

Kuna njia ya kuruka mambo mengi ya hapo juu, na kwa studio ambayo kadi yake ya ndani kweli imeharibika ndiyo njia ya akili: kadi ya nje ya USB, kipande kidogo kama flash chenye matundu mawili, cha dola chache. Nyingi kati ya hizo zinafuata kanuni moja ya kimataifa ya sauti ya USB, ambayo Linux inaijua tayari, kwa hiyo hazihitaji diski ya draiva. Mikseri nyingi zenye waya wa USB nazo ni hivyo hivyo. Inachomekwa, inachaguliwa kwenye Son, basi. Kipande hicho kinaingia mfukoni mwa suruali, na studio ambayo tayari iko nacho kwenye droo haina haja ya kuogopa matope ya barabara. Afadhali viwe viwili, maana vinavunjika.

Sauti ikirudi, kazi bado. Redio za huku zinaishi kwa batri na pano za jua, na hapo Linux inaleta tabia ambayo mtu wa mjini hataiona. Mashini ikiwa kwenye batri, mfumo unaweza kuizimisha kadi kila inapokaa kimya sekunde chache, ili kuhifadhi umeme. Ikiamka inatoa "tak" ndani ya emetere, na silabi ya kwanza inaliwa. Komunike inayosema "Hakuna chanjo leo Nyabiondo" ikipoteza neno lake la kwanza, akina mama watatembea bure na watoto mgongoni. Kuangalia kama ndiyo sababu kuna amri hii:

cat /sys/module/snd_hda_intel/parameters/power_save

Ikijibu 0, tabia hiyo ya kadi imezimwa. Ikijibu 1 ao 10, hizo ni sekunde za kusubiri kabla ya kulala. Inazimwa kwa kutengeneza faili dogo ndani ya /etc/modprobe.d, kwa mfano son.conf, lenye mstari mmoja, options snd_hda_intel power_save=0, kisha mashini inawashwa upya. Kama kuna programu ya TLP ya kutunza batri, nayo iambiwe, kwa kuandika SOUND_POWER_SAVE_ON_BAT=0 katika faili lake, la sivyo itarudisha tabia ile ile. Umeme unaopotea kwa kuiacha kadi macho ni kidogo mno mbele ya ule unaoliwa na emetere.

Mlio wa "uuuuu" usiokatika ni kesi nyingine. Jaribio lake ni rahisi: chaja ya laptop ichomolewe. Mlio ukikoma, Linux haina hatia, ni konvertisere ya bei rahisi ao nyaya za ardhi, na kisanduku kidogo cha transfoma kati ya laptop na mikseri kinasaidia kuliko amri yoyote. Inashangaza mara ngapi mlio huu uliishi miaka yote ya Windows bila mtu kuusikia, ukaja kusikika wiki ile ya Linux kwa sababu kila mtu alikuwa amekaza sikio.

Programu za kurushia matangazo ni hadithi ndefu kidogo. Studio nyingi zilizoea ZaraRadio ao RadioDJ, na zote mbili ni za Windows. Mtu anaweza kuijaribu ZaraRadio ndani ya Linux kupitia Wine, lakini wakati wa kujifunza bora achukue programu iliyozaliwa huku. Mixxx inacheza orodha yenyewe kwa Auto DJ, na kwa redio yenye mashini moja inatosha. Rivendell na LibreTime ni za nguvu zaidi, ila zinataka hazina ya data na mtu wa kuilinda, zisianziwe. Programu moja inapocheza na nyingine ikawa kimya, huenda ya kwanza imeishika kadi peke yake. Amri ya fuser -v /dev/snd/* inataja nani ameshika. Na seva ya PipeWire ikikwama, inaamshwa bila kuzima mashini kwa systemctl --user restart pipewire pipewire-pulse wireplumber.

Wakati mwingine hakuna kilichoharibika, ni faili tu. Kama mvumo wa speaker-test -c 2 unasikika lakini wimbo hausikiki, kinachokosekana ni kodeki, kifasiri cha muziki ule. VLC inakuja na vifasiri vyake karibu vyote, hata vya sauti za WhatsApp, ambazo ni za aina ya Opus, na ndizo zinazoletwa studio kila siku na waandishi walioko vijijini.

Yote haya yangekuwa mepesi kama jaribio lingefanyika kabla. Flash ya Ubuntu ao Linux Mint inaweza kuwasha mashini bila kugusa diski, kwa kuchagua Essayer badala ya Installer. Ndani ya dakika kumi mtu anasikiliza wimbo, anarekodi sauti yake kwa mikro ya studio, anachomeka mikseri. Kama sauti iko pale, kuna matumaini makubwa itakuwepo baada ya kuweka. Kama haiko, Windows bado iko mahali pake na emisyo ya jioni itapita. Fundi anayefuta diski kwanza na kupima sauti baadaye anacheza na masikio ya watu wengine.

Kama fundi yuko mbali, asiitwe kwa maneno "haitoi sauti", kwa sababu hayo hayamwambii kitu. Amri ya alsa-info --no-upload inakusanya habari zote za sauti katika faili ndani ya /tmp lenye jina linaloanza na alsa-info.txt, ambalo ni dogo, la kutumwa kwa WhatsApp hata mtandao ukiwa wa chini. Mtandao ukikosa kabisa, mistari ya aplay -l inasomwa kwa simu kama komunike, carte kwa carte.

Na jambo la mwisho linahusu umeme unaokatika ghafla. Linux inahifadhi viwango vya alsamixer inapozimwa vizuri. Batri ikiisha katikati ya emisyo, hakuna kilichohifadhiwa, na asubuhi MM inaweza kurudi pale pale ilipokuwa, watu wakadhani shida ni mpya. Kwa hiyo siku ile sauti imepatikana, kabla ya kufunga terminali, mtu anaandika sudo alsactl store na kubonyeza Entrée.